Hakuna "mafuta yoyote" kwenye sabuni

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako hunifikia hapa Arua likiwa limeshasomwa. Mpwa wangu ni utingo wa basi la Kampala. Abiria wakishuka hupita kwenye viti akiokota lililosahauliwa, na siku ya pili au ya tatu naletewa, saa nyingine likiwa na alama ya chapati pembeni. Silalamiki. Siasa ikikaa siku tatu haiharibiki. Kilichonifanya nishike kalamu ni ule ukurasa wenu wa nyumbani, mlipowafundisha wasomaji kupika sabuni. Mwandishi wenu kasema: chukua lita moja ya mafuta yoyote uliyo nayo jikoni, tia vijiko vitano vya kostiki soda iliyoyeyushwa, koroga mpaka ikamate.

Hayo maneno mawili, "mafuta yoyote", yalinikwama kooni kama mwiba wa ngege. Nayajua. Yamewahi kumchubua mkamwana wangu mikono.

Mimi nimekuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka 19. Baba yangu alikuwa askari, nikazaliwa kambini Jinja, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili bila kuyatafuta maneno. Enzi zile ukikiongea mjini, aliyesimama karibu nawe alishika mfuko wake. Leo ni lugha rasmi ya nchi, na wajukuu wangu hunisahihisha ngeli. Basi, mpishi wa watoto mia sita hapimi. Mkono wangu ndio ulikuwa mizani: chumvi konzi mbili, mafuta mpaka nione maharage yanang'aa. Nilijivunia hilo mbele ya wapishi vijana. Sabuni ndiyo iliyonitoa kiburi.

Mwaka 2019, nikiwa nakaribia kustaafu, tuliitwa akina mama kadhaa kwenye mafunzo ya siku mbili. Waliotuita siwataji. Tuligawiwa karatasi iliyotolewa fotokopi mara nyingi mpaka herufi zimechoka: kilo 1 ya mafuta ya nazi, gramu 183 za kostiki soda, maji kiasi kadhaa. Chini kabisa, kwa mwandiko wa mtu: "Kama huna nazi tumia mafuta yoyote." Sasa niambie, nani ana nazi Arua? Minazi iko Pwani, Mombasa na Tanga na Unguja. Mafuta yake yakifika huku yameshabadilisha magari, na kila gari limekula lake. Mimi nilikuwa na shea, mafuta ya kokwa za mti wa huku kwetu, kilo nzima, safi, niliyoletewa na mama mmoja wa Yumbe. Nikaweka shea mahali pa nazi. Kostiki gramu 183 zile zile.

Na kabla kosa hilo halijanionyesha meno, nilikuwa nimeshafanya lingine. Kostiki niliikorogea ndani ya sufuria ya alumini. Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto, povu la kijivu, mvuke unaobana pua. Nilipoimwaga nje ya uzio, ndani ya sufuria palikuwa pamechimbika kama pamelambwa na mchwa. Kostiki soda hula alumini, na gesi inayotoka hapo hushika moto. Tumia chuma cha pua au plastiki ngumu inayostahimili joto, na tia kostiki kwenye maji. Maji usiyamimine juu ya kostiki kamwe, yatakurukia usoni. Haya yote mwandishi wenu hakuyagusa. Narudi kwenye sabuni.

Ilishika, nikafurahi. Siku ya pili nikaikata, ikawa inamomonyoka kama chaki. Siku ya nne ikaanza kulia: matone madogo juu ya kila kipande, mfano wa jasho kwenye pua ya mpishi. Nikayafuta na kitambaa nikadhani ni unyevu wa mvua. Zikapita wiki nne, nikampa mkamwana vipande viwili afulie nepi za mtoto. Jioni akaja akasimama mlangoni kwangu, mikono ameificha nyuma.

"Mama, samahani. Hii sabuni inauma."

Mtoto wa watu alikuwa amefua mpaka nepi ya mwisho, kwa heshima tu. Ngozi ya vidole imekuwa nyekundu, inabanduka kama ganda la kitunguu. Nikamwosha kwa maji mengi, nikazisuuza upya nepi zote mimi mwenyewe, halafu nikakigusa kipande kile kwa ncha ya ulimi. Kikanipiga kama betri ya redio.

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa kemia pale shuleni, kijana mpole ambaye hadi siku hiyo shughuli yake kwangu ilikuwa kuja kuomba ukoko wa posho, yaani ugali. "Mama," akasema, "kila mafuta yana namba yake." Akachana upande wa mfuko wa unga akaniandikia. Kilo moja ya mafuta ya nazi hugeuka sabuni yote kwa gramu 183 hivi za kostiki. Kilo moja ya shea inatosheka na gramu 128. Kwa hiyo mimi nilizidisha 55, na kostiki iliyokosa mafuta ya kula haiendi popote, inakaa humo ndani ya sabuni inasubiri ngozi. Ili kuishibisha, akapiga hesabu, ningehitaji kuongeza shea nyingine ya gramu 430. Karibu nusu kilo! Nilizitupa zote kwenye shimo la choo.

Nikamuuliza kwa nini mafuta na mafuta yatofautiane hivyo. Akaanza na minyororo ya asidi zilizomo ndani ya mafuta, akayaona macho yangu, akahamia kwa samaki. "Mama, ukinunua kilo ya mukene na kilo ya sangara, vichwa viko wapi vingi?" Kwa mukene, hata mtoto anajua, dagaa wadogo wale kilo moja huwezi kuwahesabu. "Basi nazi ni mukene. Asidi zake fupi, kwa hiyo katika kilo moja zimo nyingi. Shea ni sangara, ndefu na chache. Na kila kichwa kinadai chembe yake moja ya kostiki." Tangu siku ile kila nikipita kwenye meza za samaki naiona kemia imelala pale inapigwa na nzi.

Kwa hiyo, Mhariri, kama una nafasi ya kuchapa jambo moja tu katika barua hii, chapa namba hizi. Ni gramu za kostiki soda zinazomaliza kilo moja ya mafuta: nazi 183, mise (mafuta ya kiini cha mchikichi) 176, mawese 142, mafuta ya ng'ombe 141, siagi ya kakao 138, alizeti na mzeituni 135, simsim 134, shea na nyonyo 128. Orodha na orodha zinapishana kwa gramu moja mbili hivi, kwa kuwa mafuta ni zao la shamba, hayatoki kiwandani yote sawa. Piga hesabu ya kila mafuta unayoweka, jumlisha, kisha toa asilimia 5 ya kostiki. Mafuta yanayosalia bila kugeuka ndiyo yanayoihurumia ngozi, na ndiyo bima yako mizani ikikudanganya kidogo.

Na iwe mizani. Lita ya mafuta si kilo, ina kama gramu 910 au 920. Kijiko ndiyo balaa zaidi: kostiki ya vipande bapa na kostiki ya punje hazijai kijiko kwa uzito mmoja. Vijiko vitano vya mwandishi wenu, vya chai au vya mezani? Vya kusawazisha au vya kilima? Mimi nimeuza kikombe changu cha kupimia, cha tumpeco, kwenye shughuli hii, maana yake nimekipeleka chooni kikawe cha kunawia, nikanunua mizani ndogo ya kidijitali, ya kwanza maishani mwangu. Wapishi wenzangu wakija wananicheka.

Namba peke yake, hata hivyo, hazikuambii uchague nini. Unaweza kupima sawasawa na bado ukapata sabuni isiyotoa povu, au inayoyeyuka kwenye kisahani kama ugoro uliolowa. Hapo ndipo umpishi unarudi. Mafuta katika sabuni ni kama viungo katika mchuzi, kila mmoja ana kazi yake na hakuna anayefanya zote.

Povu kubwa la haraka linatoka kwa nazi na mise. Mise ni mafuta ya kiini cha mbegu ya mchikichi, si ya nyama yake ya nje. Ndugu zetu wa Kigoma ndio wenye jina hilo na mimi nimeliazima. Mti mmoja unakupa mafuta mawili yasiyofanana kabisa, mawese kutoka kwenye nyama na mise kutoka kwenye kiini, na ajabu ni kwamba mise kwa tabia ni nduguye nazi kuliko mawese aliyezaliwa naye. Yote mawili, nazi na mise, karibu nusu ni asidi ya lauriki, ile fupi, mukene wetu. Sabuni yake ni ngumu, nyeupe, inatoa povu hata kwenye maji magumu ya kisima cha pampu. Ya nazi hutoa povu hata kwenye maji ya bahari. Lakini inasafisha kupita kiasi. Ukizidisha theluthi ya mafuta yako, ngozi inakauka mpaka unaweza kuandikia jina kwa kucha. Kwa nguo sawa, kwa mwili hapana. Ndiyo maana sikusikitika sana kukosa nazi. Mise naipata kwa bei ya chini, na povu ni lile lile.

Mawese ndiyo ugumu wa sabuni yangu. Huku kwetu yanavuka kutoka Congo, soko la Ariwara haliko mbali, na kuna mama wa huko ninayenunua kwake. Mazungumzo yetu kila wiki ni yale yale.

"Karibu mama, mawese ya leo."

"Leo ya lini?"

"Eh, mama! Nusa basi."

Nanusa. Mawese mazuri yana harufu nzito kama karoti iliyochemshwa, na rangi inayong'ang'ania kidole. Yaliyokaa yanachachuka, yanapiga puani kama siki, na ukiyapikia sabuni yanashika ghafla kabla hujamimina kwenye fremu, kwa kuwa asidi zake zimeshafumuka kutoka kwenye mafuta, na kostiki inazidaka papo hapo. Siku nyingine alinipimia jerikani ya chini kabisa, yenye mashapo. Nikamwambia, dada, haya mpikie mumeo. Alicheka mpaka akakaa. Mawese mekundu hutoa sabuni ya rangi ya machungwa, na rangi hiyo hufifia ukiiacha kwenye mwanga. Wateja wengine wanaipenda, wengine wanadhani nimetia dawa. Kwa asiyetaka, kuna mafuta ya michikichi yaliyosafishwa; Uganda tunayo michikichi yetu Kalangala, kisiwa cha Bugala, ingawa watu wa huko wana maneno yao kuhusu msitu uliokatwa kuipisha, nami siwezi kuwajibia.

Anayekataa mawese achukue mafuta ya ng'ombe. Hii ndiyo sabuni ya bibi zetu na ninashangaa imedharauliwa. Unaenda kwa mchinjaji asubuhi, mimi naenda kwa Mwislamu mwenzangu kwa kuwa wateja wangu wengi ni wa Yumbe na nguruwe hatugusi, unapewa mafuta ya kuzunguka figo kwa bei ya bure. Yakate madogo, yachemshe na maji na chumvi, chuja, acha yapoe usiku mzima. Asubuhi unakuta sahani nyeupe imeelea juu, unainyanyua kama mfuniko. Uchafu umebaki chini kwenye maji. Rudia mara mbili na ile harufu ya buchari inaondoka. Sabuni yake ni ngumu, haimalizwi na watoto kwa wiki moja.

Shea sasa.

Shea yetu ya West Nile, Acholi na Lango si ile ya Ghana na Burkina Faso. Mti ni mmoja lakini huu wa kwetu ni jamii yake ya mashariki, inaitwa nilotica, na siagi yake ni laini zaidi kwa sababu ina oleiki, asidi laini, nyingi na steariki, asidi ngumu, chache kuliko ya magharibi. Ya kule hukatwa kwa kisu. Ya kwetu, siku ya joto, inalala kwenye kopo kama uji mzito wa ulezi, na ukiichota kwenye kiganja inayeyuka kabla hujamaliza salamu. Waacholi wanaiita moo yaa. Ukiuziwa iliyo nyeupe pepe na ngumu kama mshumaa ukaambiwa imetoka Yumbe jana, muulize muuzaji Yumbe gani.

Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, hawachumi. Nyama ya tunda huliwa, ni tamu, watoto wa shule hushinda nayo njiani. Kokwa hukaushwa, huvunjwa, kiini hukaangwa, husagwa, hukandwa na kuchemshwa mpaka mafuta yaelee. Ile ya kukaanga ina harufu ya moshi na karanga, na harufu hiyo huipata hata kwenye sabuni. Kuna ya kukamuliwa kwa mashine bila moto, imepoa, haina harufu kali, ghali zaidi. Kwa sabuni mimi natumia ya moshi. Pesa ya ile nyingine naona bora mtu aipake.

Uzuri wa shea ni kwamba sehemu yake fulani, kubwa kuliko kwenye mafuta mengi mengine, haigeuki sabuni hata uipe kostiki kiasi gani. Inabaki ndani kama ilivyo. Ndiyo unayoihisi baada ya kuoga, ngozi haivuti. Lakini shea haina povu. Ukijaza nusu unapata sabuni ya kupendeza kushika na ya kuudhi kuoga, inateleza tu kama kambare. Mimi sizidi theluthi.

Na hapa nitawakera wenzangu. Kuna mtindo wa kusema, bakiza shea uitie mwishoni mchanganyiko ukishaanza kushika, ili hiyo ndiyo isalie bila kuliwa na kostiki. Sabuni ya baridi, hii tunayoikoroga bila kuipika motoni, haifanyi hivyo. Wakati unamimina kwenye fremu kazi kubwa bado haijafanyika. Kostiki itaendelea kula usiku kucha, na haiulizi nani katangulia nani kachelewa. Tia zote pamoja, ziyeyuke sawa, okoa muda wako. Vilevile sisemi kwamba inatibu ukurutu. Wanaosema hivyo sokoni wanauza haraka kuliko mimi, na hilo nimelikubali.

Alizeti ni mafuta ya watu wa Lira, tunayo tele na bei ni nafuu, kwa hiyo ndiyo yatakayomponza msomaji wako aliyeambiwa "yoyote". Sabuni ya alizeti tupu huchukua siku kushika, hubaki laini, na baada ya miezi michache hutoa madoa ya rangi ya kutu na harufu ya mandazi ya juzi. Ni yale mafuta yasalio yanachacha. Alizeti ya kawaida imejaa asidi iitwayo linoleiki, na linoleiki ni rafiki wa hewa. Sehemu moja ya kumi inatosha, inalainisha. Simsim ina nafuu kidogo, inavumilia zaidi, lakini mimi simsim nikiiona nafikiria mchuzi. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki yachujeni mara mia, harufu itawafuata bafuni.

Mzeituni unasifiwa dunia nzima, na kwa haki. Walio na mizeituni walipika sabuni ya mafuta hayo karne na karne, Aleppo, Marseille, na ikikaa miezi mingi inakuwa ngumu na mpole kwa mtoto mchanga. Huku kwetu inakuja kwenye vichupa. Kununua vichupa kumi vya mzeituni upikie sabuni Arua ni sawa na kupikia maharage maji ya chupa. Siagi ya kakao nayo inaniuma kwa namna nyingine: Bundibugyo wanalima kakao, punje zinatoka nchini, siagi inarudi kwenye vikopo vya kupaka midomo. Nimeitumia mara moja, gramu 50 nilizoletewa zawadi. Inafanya sabuni ngumu, nzuri. Nikiipata kwa kilo nitakuandikia tena.

Nyonyo kidogo tu, sehemu moja ya ishirini. Yenyewe haitoi povu kubwa lakini inalishikilia povu la wenzake lisizimike. Ukizidisha sabuni inanata.

Ninavyopika mwenyewe, kwa kilo moja ya mafuta: mawese gramu 300, shea 300, mise 250, alizeti 100, nyonyo 50. Msomaji akipiga hesabu kwa namba nilizotoa atapata kama gramu 145 za kostiki, na akitoa asilimia 5 inabaki 138. Maji gramu 300. Naweka kostiki kwenye maji nje ya nyumba, upepo ukinipiga mgongoni, glavu mkononi na ile miwani ya kuchomelea ya marehemu mume wangu machoni, wajukuu wamefungiwa kwa jirani. Mafuta nayayeyusha pembeni. Vyote vikipoa mpaka sufuria iwe vuguvugu mkononi, namimina kostiki kwenye mafuta polepole na kukoroga kwa mwiko mpaka tone likianguka juu liache alama, kama uji wa mtama ulioiva. Wenye blenda ya mkono humaliza kwa dakika chache. Fremu ni boksi la mbao nimelitandika karatasi ya nailoni. Kesho yake nakata, halafu zinakaa kwenye rafu wiki nne hadi sita zikipigwa na hewa. Asiye na subira auze nyanya.

Anayebadilisha hata mafuta mamoja kati ya hayo matano apige hesabu upya. Ukikosa mise ukaweka alizeti zaidi mahali pake, kostiki inashuka. Ukikosa alizeti ukaweka nazi, inapanda. Hapo ndipo mkamwana wangu alipochubukia.

Lipo pia ambalo mama wa Yumbe aliniambia msimu uliopita, nalo linahusu uchaguzi wa mafuta kuliko inavyoonekana. Shamba la jirani yake lilikuwa na miti saba ya shea. Sasa lina miwili. Mingine imekuwa makaa, kwa kuwa mti wa shea unatoa makaa mazito yanayokaa jikoni na wanunuzi wa mjini wanaupenda. Amri ya Rais ya mwaka 2023 ya kuzuia biashara ya makaa Acholi na sehemu nyingine za kaskazini tunaijua wote, na makaa tunayaona wote yakipita usiku. Mti huo huchukua kama miaka 15 au 20 kabla ya kuzaa kwa mara ya kwanza. Nilimuuliza, mama, kwa nini jirani kakata? Akasema gunia la makaa linalipwa leo, kokwa zinasubiri mvua. Tangu hapo namlipa nusu kabla ya msimu. Si sadaka. Bila yeye sina theluthi ya sabuni yangu, na hakuna mafuta mengine ya hapa nitakayoyaweka pale yakafanya kazi ile.

Ninachokuomba, Mhariri, ni masahihisho, ukurasa ule ule, herufi zile zile kubwa. Mwandishi wenu simjui na sina ugomvi naye. Mwambie aje Arua nimpikie, atakula na atapima. Lakini kuna mtu leo Soroti au Hoima amekata ule ukurasa akaubandika jikoni, ana lita ya mafuta ya kupikia, ana kijiko na ana sufuria ya alumini.

Nimempa mpwa wangu vipande vitatu akuachie hapo getini kwenu. Cheupe ni cha mafuta ya ng'ombe, tumia hata leo. Cha rangi ya machungwa ni mawese na shea, usikiweke juu ya taulo jeupe. Kile kilichofungwa uzi mwekundu nimekikata juzi tu, bado hakijakomaa. Kiweke dirishani, na kabla ya kukitumia kiguse kwanza kwa ulimi.

Wako,
Mpishi mstaafu,
Arua